Washirazi wa Merrylands

"Mswahili ni mtu wa namna gani hasa?"

Aliyeniuliza alikuwa mgeni wetu, mama wa makamo kutoka Herati, Afghanistan. Alikuwa ameketi kwenye sofa letu pale Merrylands, magharibi ya Sydney, na sahani ya sambusa magotini. Aliuliza kwa Kiingereza, bila haraka, kama mtu anayeuliza bei ya kitu ambacho hana nia ya kukinunua. Mama akanigeukia nijibu, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa chuo kikuu. Dada yangu naye akanitazama, na macho yake yalikuwa yakiniomba.

Kisha nikasema Waswahili ni watu wa pwani.

"Pwani gani?"

"Ya Afrika Mashariki."

"Aa," akasema. "Waafrika." Akachukua sambusa nyingine.

Laiti angekuwa amekuja kunywa chai tu, ningecheka. Lakini alikuja kutazama kama dada yangu anafaa kuwa mke wa mwanawe, na dada yangu hakutaka kitu kingine chochote duniani isipokuwa yule mwanamke aseme ndiyo. Nami, niliyezoea kuwakatiza walimu wangu katikati ya sentensi niwaulize wamejuaje wanachokisema, sikuweza kusema watu wetu ni watu gani.

Mama alikuwa na jibu. Tena alikuwa ameshalitoa muda mfupi kabla ya hapo, na ndilo lililotufikisha kwenye swali hilo.

Tulitoka Tanga nikiwa darasa la pili. Baba alitutangulia, akatupokea, kisha akatuacha akaenda Perth na mke mwingine. Habari zake zinaishia hapo. Tulipofika Merrylands, Walebanoni walikuwa wamekaa zamani, wana bucha zao, misikiti yao na vijana wao wenye magari ya kunguruma. Halafu wakaanza kuongezeka Waafghani, duka kwa duka, mpaka barabara kuu ikawa inanukia mkate wa tanuri tangu alfajiri. Wakaja Wapakistani, Wabangali, Wanepali, na Wahindi wa kila dini. Kila mwaka ulikuta mtu amebomoa ukuta wa duka la jirani kupanua lake. Ghala la vigae likawa ukumbi wa harusi. Nyumba alimokuwa akitibia daktari wa meno wa Kizungu ikawa madrasa, na kile kiti chake cha kulaza wagonjwa kikakaa nje kwenye majani miezi mingi, watoto wakikichezea.

Sisi hatukuongezeka. Waislamu wa kutoka Tanga, Mombasa na Unguja katika jiji zima tulikuwa wachache kiasi kwamba wawili wakigombana, nusu ya jamaa walikuwa hawaruhusiwi kuongea na nusu nyingine. Wakenya walikuwa wengi, wauguzi na watu wa maofisini, ila karibu wote Wakristo. Walitupenda. Wakitualika kuchoma nyama walikumbuka kututengea kuku, wakasahau kututengea koleo lisilogusa nguruwe. Mama alikula kachumbari tu, akitabasamu, na njiani kurudi akawasema mpaka tunafika.

Siku ya Idi tuliswali kwenye bustani kubwa ya mtaa. Hotuba ilisema Uislamu hauna rangi, na kila taifa likaisikiliza kutoka kwenye mikeka yake. Yetu tuliitandika penye mteremko, kati ya Wabangali na mapipa ya taka.

"Wenzetu wanazaa na kununua majengo," Mama alisema mwaka mmoja, akiwatazama. "Sisi tunazeeka na kununua simu."

Alisema kama mzaha, lakini hofu ilikuwa ya kweli. Aliona tutakufa katika nchi ile mmoja mmoja, bila watu nyuma yetu. Dawa yake ilikuwa kutuozesha kwa wale wanaoongezeka. Mimi alishanikatia tamaa. Nilikuwa nauliza maswali ya kukimbiza wachumba. Akabaki na dada.

Kazi ya Mama ilikuwa kuwaogesha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee huko Seven Hills. Baadhi yao walimwomba avae glavu mbili mbili. Mmoja alimwita kwa jina la mbwa aliyewahi kuwa naye, na akili zake zilikuwa timamu. Mama hakulalamika kwa mkubwa yeyote kazini. Aliibeba ile dharau kwenye treni mpaka nyumbani, akatafuta wa kumvisha.

Aliyepatikana alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, Mrundi kutoka Bujumbura, Mwislamu kama sisi, mwenye Kiswahili cha kwao kilichochanganyika na Kifaransa. Alikuwa mpishi hodari na mtu wa kucheka. Siku moja alikuja na sahani ya maandazi, akakaa, akajikohoza.

"Mama, mi niko na neno. Hii binti yako mukubwa ni muzuri sana, franchement. Na mutoto ya dada yangu anatafuta bibi. Anafanya kazi ya umeme, haivute sigara. Kama nimekosea, pardon."

"Hukukosea, shoga yangu," Mama akasema kwa sauti tamu. "Ila sisi Washirazi. Hatuchanganyi."

Jirani akauliza Washirazi ni nini. Mama akamweleza kwamba mababu zetu walitoka Uajemi, mji wa Shirazi, wakaja pwani na majahazi wakati watu wa bara bado wanavaa majani. Jirani akamsikiliza, akaitikia "aa bon," akaaga. Mlango ulipofungwa Mama akaangua kicheko.

"Mtwana naye kapata viza," akasema.

Nilikuwa nimekaa na kompyuta yangu mezani. Nikamuuliza, "Mama, nani katika ukoo wetu alitoka Shirazi?"

"Babu wa mababu."

"Anaitwa nani?"

"Yuko katika nasaba."

"Nasaba iko wapi?"

"Ilibaki Tanga."

"Kwa nani?"

"Weye chuo kimekuharibu," akasema. "Ulikwenda kusoma ukarudi polisi."

Ukweli ni kwamba nusu ya familia za pwani zina habari hiyo hiyo ya Shirazi, na mara nyingi hakuna mwenye jina la hata mtu mmoja aliyeshuka kwenye hayo majahazi. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia pia kwamba nywele zangu hazikuwa zimepata taarifa. Akanirushia andazi.

Dada yangu wakati huo alikuwa akifanya kazi kwenye duka la dawa katika jengo la maduka, na kijana wa Kiafghani alikuwa akija kuchukua dawa za presha za bibi yake. Alikuja mara nyingi kuliko presha ya mtu yeyote inavyohitaji. Kwao walikuwa na tanuri la mikate, na baada ya muda mikate ikaanza kufika nyumbani kwetu, mirefu, ya moto, imefungwa kwenye karatasi. Jioni alikuwa akiegesha gari nje na kumsubiri dada atoke, wanakwenda kutembea mahali penye watu, kwa heshima. Dada alijifunza kwake maneno ya Kidari, Kiajemi cha Afghanistan, akawa anayatamka jikoni peke yake. Alikuwa na umri ambao shangazi zangu wa Tanga walishaanza kuuliza kwenye simu kama ana ugonjwa. Akawakataa watu wawili kwa ajili ya huyu.

Mama, aliyemkataa fundi umeme asiyemjua, hakuuliza hata swali moja juu ya huyu.

"Waafghani ni Waajemi," akatueleza, akihesabu kwa vidole. "Waajemi ni Washirazi. Washirazi ni sisi. Huyu ni ndugu yetu aliyepotea."

"Aliyepotea ni nani, yeye au sisi?" nikauliza.

"Yeye. Sisi tuko hapa."

Dada alicheka mpaka akatoa machozi. Nakumbuka kwa sababu ndiyo mara ya mwisho niliyowaona wawili hao wakicheka jambo moja.

Ikapangwa kwamba mama wa kijana aje Jumapili, na ndugu wa kike wa mama huyo. Mama akapika kama anayelisha kijiji. Pilau, kuku wa kupaka, visheti, halua iliyoagizwa kwa mtu aliyekuja kutoka Unguja. Sambusa zilimshinda kwa wingi, basi akamwita yule jirani Mrundi amsaidie kukunja na kukaanga, na akaazima kwake chupa kubwa za chai na sahani zenye ua la dhahabu. Jirani alisimama kwenye mafuta ya moto tangu asubuhi, akiimba. Alikuwa amekuja na gauni lake zuri kwenye mfuko, la kubadilisha.

Kengele ilipokaribia kulia, Mama akamshika mkono.

"Shoga, pita huku nyuma. Wageni wasije wakatuona sote tukadhaniwa jamii moja."

Jirani alitazama mfuko wake. Akautwaa, akatoka kwa mlango wa nyuma na aproni yake, mikono ina unga. Dada aliona. Mimi niliona. Tulikuwa tunahangaika na vikombe.

Wageni wakaingia. Mama wa kijana alikuwa mwanamke mnene mwenye uso mzuri uliochoka, ushungi mweusi. Ndugu yake alikuwa mwembamba, kimya, macho yake yakitembea ukutani, kwenye pazia, kwenye miguu yetu. Kijana mwenyewe aliwafikisha mlangoni, akasalimia, akarudi kusubiri garini kama ilivyo adabu kwao, alivyosema.

Mama hakungoja. Mgeni hajamaliza sambusa ya kwanza, Mama akamsogelea akasema kwa Kiingereza chake cha kazini, "Dada, sisi siyo wageni kwenu. Sisi ni Shirazi."

Mgeni akaacha kutafuna. "Shiraz?"

"Shiraz! Damu. Zamani sana."

Mgeni akamsemesha Kiajemi, maneno mengi, na mwishoni sauti ikapanda kama ya swali. Mama akatabasamu. Kisha, naapa, akaanza kumhesabia maneno ya Kiswahili aliyosikia kwamba yametoka kwao: "Bandari. Bustani. Pamba. Nahodha. Pilau!" Alipofika kwenye pilau akaionyesha kwa mkono, iko mezani, kama shahidi.

Yule ndugu mwembamba akainamisha uso kwenye kikombe. Mabega yake yalitikisika.

"Mimi niliishi Shiraz," mgeni akasema kwa Kiingereza. Lafudhi yake ilikuwa nzito, na Mama alizoea lafudhi ya wazee wa Seven Hills tu. "Tulikimbia vita tukaenda huko. Miaka mingi. Niliosha ngazi za nyumba za watu. Wanangu walikatazwa kusoma. Mwenye nyumba aliwaambia watoto wake wasiguse kikombe nilichonywea. Watu wa Shiraz walituita takataka."

Mama alikuwa amenasa maneno mawili katika yote hayo. Shiraz, na miaka mingi. Uso wake ukang'aa.

"Alhamdulillahi!" akasema, akampigapiga mgeni gotini. "Alhamdulillahi, dada!"

Dada yangu alifumba macho. Mimi nilikuwa na glasi ya maji mkononi na nilijua nikinywa nitapaliwa, kwa hiyo niliishika tu. Katika watu wote wa ulimwengu huu ambao mtu angeweza kujinasibisha nao sebuleni mwake, Mama alikuwa amechagua wale waliomdhalilisha mgeni wake, na akamshukuru Mungu kwa ajili yao.

Mgeni akapangusa midomo. Hakukasirika, si waziwazi. Akanigeukia mimi.

"Mwanangu ananiambia ninyi ni Waswahili, siyo Shirazi," akasema. "Mswahili ni mtu wa namna gani hasa?"

Na hapo nikatoa lile jibu langu la pwani.

Hata baada ya hapo nadhani bado palikuwa na nafasi. Dada alimwaga chai vizuri, kwa mkono wa kulia, akasema sentensi aliyoifanyia mazoezi jikoni, ya Kidari, ya kumkaribisha mtu mkubwa. Mgeni akashtuka, akamrekebisha neno moja, akamwambia arudie. Dada akarudia. Mgeni akatikisa kichwa kwamba sawa. Niliuona uso wa dada yangu wakati ule na sitaki kuueleza.

Kisha kijana akagonga mlango, amekuja kuuliza kama wageni wako tayari kuondoka au aendelee kusubiri. Alikuwa amevaa shati jeupe, amenyolewa vizuri, mrefu, anazungusha funguo za gari kidoleni. Mama akainuka. Alijua mambo hayakwenda vizuri ingawa hakujua wapi, na alitaka kuyaweka sawa kwa kitu kikubwa. Akaleta kilicho kikubwa kuliko vyote alivyokuwa navyo, sifa.

"Mashallah!" akasema. "Ghulamu huyu! Ghulamu hasa!"

Hilo ni neno la bibi yangu, la watu wazima wa Tanga. Kijana mwanamume aliyekamilika, mzuri wa kutazamwa. Ndivyo walivyosema harusini bwana harusi akiingia, na vigelegele juu. Mama alipoona wageni wamenyamaza akadhani hawakusikia. Na kwa kuwa alijua kwamba neno lile limetoka ng'ambo, kwao, akawasogezea. Akamnyooshea kijana kidole, akamwambia mama yake polepole na kwa sauti, kama unavyosema na kiziwi:

"Your son. Ghulam. Ghulam!"

Yule ndugu mwembamba akaweka kikombe chini. Mama wa kijana akainuka, akajifunga ushungi upya, akasema maneno machache ya Kidari akimwambia mwanawe. Dada aliyaelewa. Kijana alitazama funguo zake.

"Haidhuru, mama," akamwambia Mama yetu kwa Kiingereza, akamfungulia mama yake mlango.

Hawakugusa pilau. Mama alibaki amesimama katikati ya sebule, mkono bado uko juu.

"Wamekwenda wapi?" akauliza. "Wamekwenda kuswali?"

"Ghulamu kwao ni mtumwa," dada akasema. "Umemwita mtoto wake mtumwa. Mara nne. Kwa kidole."

Ujumbe wa simu ulifika kesho yake na dada akausoma kwa sauti jikoni, kwa Kiingereza, kisha akautafsiri kwa Kiswahili ingawa sote tulikuwa tumeelewa. Kijana aliandika: Mama yangu anasema hawezi kuchukua bi harusi katika nyumba ambamo mwanawe ameitwa mtumwa. Nimejaribu. Sina la kufanya.

"Lakini ni neno la sifa," Mama akasema.

"La sifa kwa nani?"

"Kwetu."

"Sisi ni nani, Mama? Niambie. Sisi ni nani?"

Mama akanitazama mimi.

Nilikwenda maktaba ya chuo. Nilirudi na maelezo kamili: kwamba ghulamu kwa Kiarabu ni mvulana na pia mtumishi, kwamba Waajemi walilibakiza kwenye utumwa, kwamba huenda ile sifa yetu ya harusini ilianzia sokoni, mnunuzi akimsifu kijana aliyesimamishwa mbele yake. Niliyaeleza yote jikoni, kwa mpangilio, na vyanzo. Mama alikuwa akichambua mchele. Hakuinua kichwa. Nilipomaliza akaniuliza kama nimekula.

Jirani Mrundi alikuja kuchukua sahani na chupa zake. Hakuingia, akasimama kizingitini, na habari alikuwa ameshazipata kwa kupitia ukutani.

"Mi nilitokaka kwa mulango ya nyuma," akamwambia Mama. "Wageni yako wametokaka kwa mulango ya mbele. Tofauti ni mulango tu, weye Mushirazi."

Mama akamkabidhi sahani na chupa moja moja, akafunga mlango.

Dada hakupiga kelele tena baada ya siku ile ya ujumbe. Alipata njia iliyo bora zaidi. Tukiwa dukani, Mama anamsogelea muuzaji kumsemesha, dada anasema taratibu, "Mama, ghulamu." Tukiwa kwa daktari, Mama anaanza kueleza maumivu yake, "Mama, ghulamu." Kwenye Idi, kwenye harusi za Wakenya, kwenye foleni ya mikate ya Waafghani wengine, maana mikate ya wale hatukununua tena. Lilikuwa neno dogo, halikuvutia macho ya mtu. Wageni walidhani anamwita kwa jina la utani. Nami mwanzoni nilicheka, kwa sababu lilichekesha, na baadaye nililitumia mwenyewe, nikiwa na haraka.

Mama akanyamaza. Hakufanya kwa hasira, alinyamaza kama mtu anayezima taa chumba kimoja kimoja. Kwanza Kiingereza. Halafu maongezi na majirani. Halafu simu za Tanga akawa anasikiliza tu na kusema "ehe." Penye mteremko, karibu na mapipa, aliketi siku ya Idi na midomo imefungwa, na wale wachache wa kwetu wakaanza kusema kwamba amejiona, kwamba ni kiburi cha Kishirazi. Huko Seven Hills wazee walilalamika kwa msimamizi. Walisema anawaogesha kimya kama anaosha vyombo. Aliitwa ofisini akaambiwa awe mchangamfu, na alipotueleza alitumia maneno matatu.

Dada alihamia Campbelltown, akapata kazi kwenye duka la dawa la kule, na safari ndefu ya treni ikawa sababu nzuri ya kutokuja. Hakuolewa. Fundi umeme alioa, na harusi yake ilijaza ukumbi ule uliokuwa ghala la vigae: Warundi, Wakongo, Wapakistani wa kazini kwake, hata Walebanoni. Tulialikwa. Tulisikia muziki kutoka nyumbani.

Nilimaliza chuo. Nikapata kazi ya ofisini Parramatta, ambako naulizwa mara kwa mara, kwa upole mkubwa, jamii yangu ni ipi, ili waweze kuihudumia. Mtaa ukaendelea kukua. Msikiti mmoja ukawa na ghorofa. Wasichana waliokuwa wakiniuliza shuleni mbona niko Mwislamu na ni mweusi, sasa wana watoto, na watoto wao wanauliza hivyo hivyo.

Kisha Mama akapata kiharusi. Hospitalini, daktari kijana, Mbangali kwa sura, alimshika taya, akamwomba atamke jina lake, akamwomba ahesabu. Mama alimtazama tu. Daktari akatugeukia.

"Ameacha kuzungumza tangu lini?"

Mimi na dada tulitazamana. Daktari alikuwa anataka kujua saa, kwa ajili ya dawa. Alirudia swali, kwa sauti ya juu zaidi, akidhani labda Kiingereza hatukijui.

Alifariki baada ya wiki chache, bila neno. Na kwa kuwa sisi ni wachache, hatukuwa na waoshaji wa kwetu. Chumba cha kuoshea maiti kwenye msikiti ule wa ghorofa kilikuwa na wanawake wa kujitolea, wa mataifa yanayoongezeka, wenye zamu na mabuti ya mpira. Jirani Mrundi alikuja pia, hakuna aliyemwita. Dada alisema hawezi kuingia. Niliingia mimi, niliyeacha kuswali, nikaambiwa nishike kichwa.

Mwanamke aliyekuwa akimimina maji alikuwa mwembamba, amejifunga kitambaa mdomoni, na alifanya kazi yake vizuri sana, kwa upole. Sikumtambua mpaka tulipomaliza na kutoka varandani, akavua kitambaa, akawa ni yule ndugu wa mama wa kijana. Amezeeka. Yeye alikuwa ametutambua tangu alipofunua uso wa Mama.

Akanipa pole. Akauliza kuhusu dada yangu, kama ana watoto. Nikasema hana mume. Akakamua ushungi wake uliolowa.

"Kwa ajili ya siku ile?" akauliza.

Nikamwambia tu kwamba Mama hakukusudia, kwamba kwetu lile ni neno la sifa. Nilisema kama ninavyosema na watu wa ofisini, kwa mpangilio.

"Tulijua," akasema. "Kwetu pia kuna wanaume wanaoitwa Ghulam. Mjomba wangu mwenyewe. Nani angekasirika?" Akatazama mlango wa chumba tulichotoka. "Dada yangu alikuwa akitafuta sababu ya kuinuka tangu tulipoketi. Ilikuwa aibu kuukataa mwaliko, na kijana aliogopa kumwambia msichana. Mama yenu alipotupa sababu, tulimshukuru Mungu ndani ya gari."

Nikamuuliza kumwambia nini.

Kwamba kijana alikuwa ameshaoa, akasema. Walimfungisha ndoa kwa simu na binamu yake aliyekuwa Herati, wiki chache kabla ya Jumapili ile. Alitamka "nimekubali" akiwa ndani ya gari lake, ameliegesha nje ya nyumba yetu, akimsubiri dada yangu atoke.